Nidhamu na Nywele: Uhakiki wa Kanuni Moja ya Shule

Kanuni za shule ni maandishi, na kama maandishi mengine zastahili kuhakikiwa. Ile imtakayo mwanafunzi wa kike awe na nywele fupi, nadhifu, hukutwa katika shule nyingi za Kenya. Msichana atokaye Mamboleo, pale barabara ya Miwani iachanapo na ile ya Kakamega, aghalabu hunyolewa kabla ya siku ya kwanza ya muhula.

Ikisomwa kwa haraka, kanuni hii haimbagui mtu. Lakini Kiswahili chenyewe hutofautisha nywele za singa na za kipilipili, na neno hilo la pili halikosi chembe ya dharau. Kisumu ni mji wa reli iliyofika ziwani mwaka 1901, nao wakazi wa asili ya Kihindi ni wa tangu enzi hizo. Wakati wa ukoloni shule zilitengwa kwa rangi. Utengano huo ulikwisha, ila jicho lililopima unadhifu halikubadilika: mara nyingi mwenye singa huambiwa azifunge, mwenye kipilipili huambiwa azikate. Kwa hiyo ‘nadhifu’ hapa si sifa ya usafi. Ni hukumu kwamba nywele za Mwafrika zikirefuka haziwezi kuwa safi.

Yasemwa kuwa wavulana nao hunyolewa. Ni kweli, lakini kwa mvulana kichwa kifupi ni mtindo wa kawaida, wala hakuna anayezisoma nywele zake kama dalili ya kutafuta wanaume. Kwa Waluo jambo lina uzito zaidi, kwa kuwa kunyolewa baada ya mazishi, yaani liedo, ni sehemu ya mila za msiba. Okot p’Bitek, aliyeandika Wer pa Lawino (1969) kwa Kiacholi, lugha ndugu ya Kijaluo, alimwachia Lawino azitetee nywele zake kwa fahari. Inashangaza kwamba utenzi huo umesomeshwa katika shule ambamo Lawino asingepita langoni.

Hoja ya gharama ina nguvu zaidi, kwani msusi hulipwa, na mzazi wa Manyatta ana karo ya kutafuta. Hata hivyo mistari husukwa na dada jioni moja, bila senti. (Neno ‘nidhamu’, ikumbukwe, ni la shina moja na ‘nudhumu’: kupanga, kutunga shanga uzini. Kusuka kuko karibu zaidi na maana hiyo kuliko mkasi.)

Tarehe 13 Septemba 2019 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kuwa shule ilikosea kumzuia mwanafunzi wa kike kwa sababu ya rasta zake. Uamuzi ulisimama juu ya dini: Urastafari ni imani, na Katiba ya 2010 huilinda. Kifungu cha 27 cha Katiba hiyo hutaja rangi, jinsia, utamaduni na hata mavazi, nywele hazimo. Msichana asiye Mrastafari, atakaye tu kusukwa mistari na dadaye, hukumu hiyo haikumgusa.