Kukiri Kamsa Si Kuizima

Tumesoma rasimu ya mwongozo wa wasimamizi wa seva pepe, yaani seva kadhaa zinazoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta moja. Twampongeza mfasiri kwa juhudi zake, lakini istilahi zake mbili zahitaji kusahihishwa kabla hazijaota mizizi.

Kwanza, "kengele zilizofyatuliwa". Hufyatuliwa mtego au bunduki. Tena kengele ni chombo, ilhali kinachoelezwa ni wito wa hatari, ambao Kiswahili huuita kamsa. Twapendekeza "kamsa zilizozuka".

Pili, na hili ni zito zaidi, mfasiri ameandika "zima" mahali ambapo msimamizi anaonyesha kwamba ameiona kamsa. Katika programu ya vSphere, hatua hiyo husimamisha tu vitendo vya kamsa, kama barua pepe zinazotumwa tena na tena. Kamsa yenyewe hubaki orodhani na rangi yake, ya manjano au nyekundu, mpaka hali itengemae au msimamizi airejeshe kwenye kijani. Msimamizi wa zamu akisoma "zima" atadhani hatari imekwisha, kumbe hifadhi ya data inazidi kujaa. Ikijaa kabisa, seva pepe zinazohitaji nafasi humo zitasimama.

Neno lifaalo ni "kiri". Karani hutia saini daftarini kukiri kwamba amepokea barua, wala hakuna adhaniaye kuwa barua hiyo imekwisha kujibiwa.

Twakaribisha maoni ya wasomaji.