Mgeni Anayeondoka Kabla ya Jembe

Kwa miaka kumi wasomaji wa riwaya za Lee Child waligombana kuhusu sentimita. Jack Reacher wa vitabuni ana urefu wa karibu sentimita 195 na uzito unaozidi kilo 110. Mwaka 2012 akaingia kwenye sinema katika mwili wa Tom Cruise, ambaye amepungukiwa shibiri nzima kufikia kimo hicho, na mwaka 2016 akarudi tena katika mwili uleule. Mashabiki walinung'unika hadi Child mwenyewe, mwaka 2018, akakubali hadharani kwamba hoja yao ilikuwa na uzito. Februari 2022 Prime Video ikamleta Alan Ritchson, mabega kama mlango wa ghala, na ugomvi ukaisha.

Kwangu ugomvi huo ulikuwa juu ya jambo jepesi. Mwili unaweza kuutafuta ukaupata. Kilichokuwa kigumu ni kiti cha msomaji: unapomsoma Reacher unakaa wapi, na unapomtazama unahamishiwa wapi.

Kwanza tumweke mtu wetu sawa. Reacher ni meja wa zamani wa polisi wa jeshi la Marekani, mtoto wa mwanajeshi, aliyekulia katika kambi za nchi mbalimbali. Baada ya kuacha jeshi hana nyumba, hana gari, hana begi. Ana mswaki wa kukunjwa mfukoni. Nguo zikichafuka ananunua nyingine za bei rahisi, zile anazitupa. Kiswahili kinamwita mtu wa namna hii mzururaji, na neno hilo kwetu lina harufu ya kituo cha polisi. Labda ndiyo maana sikushangaa kwamba katika Killing Floor, riwaya ya kwanza, iliyotoka 1997, tunapokutana naye tu anatiwa pingu katika mgahawa wa mji mdogo wa Margrave, Georgia.

Riwaya hiyo inasimuliwa na Reacher mwenyewe. Si zote ziko hivyo, maana Child hubadilisha nafsi kutoka kitabu hadi kitabu, lakini hii ndiyo iliyonishika. Raha yake kubwa imo katika hesabu inayotangulia ngumi: nani atakuja kwanza, ana uzito gani, mguu wake upi ni dhaifu. Pambano likianza, tayari umeshalipigana kichwani. Neno "mimi" linakuazima mwili ule. Tangu nianze shahada ya uzamili nimehama vyumba vinne, kila mara nikihesabu maboksi na kumbembeleza mwenye gari ya kukodi. Kusoma habari za mtu anayehama akiwa na mswaki tu kulikuwa nafuu kwangu kuliko nadharia nyingi nilizopangiwa kusoma.

Televisheni haiwezi kukuazima mwili. Kamera hukaa nje. Tamthilia ya Reacher, ambayo uandishi wake uliongozwa na Nick Santora, inalijua hili tangu mwanzo. Nje ya mgahawa mwanamume anamnyanyasa mwanamke. Reacher anamtazama tu, hasemi neno, na yule mwanamume anaomba radhi mwenyewe. Anaingia, anaagiza pai ya pichi, na kabla hajaionja polisi wanaingia na bunduki. Dakika kadhaa zinapita hajafungua kinywa. Kitabuni, katika dakika hizo ningekuwa ndani ya fuvu lake. Hapa niko mezani pamoja na wateja wengine, nikijiuliza huyu jitu ni nani na amekuja kutufanyia nini. Nimekuwa mwenyeji.

Nadhani hiki ndicho kitendo kikubwa cha kuihamishia riwaya hii kwenye skrini, na ndicho ninachotumia kuipima tamthilia nzima. Tuna methali mbili za mgeni. Moja inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Riwaya za Reacher zinaishi katika ile ya kwanza na hukwepa ya pili: anafika, anavunja mifupa ya waliostahili, anaondoka kabla jembe halijashikwa. Ukiwa mgeni, hilo ni uhuru. Ukiwa mwenyeji, una maswali.

Msimu wa kwanza unayapa maswali hayo nafasi, kwa sababu unawapa wenyeji uzito. Oscar Finlay, mpelelezi Mweusi msomi wa Harvard anayevaa suti za sufu nzito katika joto la Georgia, kitabuni ni mtu anayesomwa na Reacher kwa haraka kama gazeti: ametalikiwa, ameacha sigara. Katika tamthilia hesabu hiyohiyo inafanywa kwa sauti, mbele ya Malcolm Goodwin anayeigiza Finlay. Baadaye tunajua kwamba talaka haikuwepo, mkewe alifariki. Mgeni aliona pengo la pete, hakuona msiba. Ni badiliko dogo la njama, lakini linatukumbusha kwamba mtu anaweza kuwa na macho makali na bado asijue nyumba aliyoingia ina nini.

Tatizo lingine ni kwamba mtu asiye na wa kuongea naye hawezi kufikiri kwenye skrini. Kwa hiyo waandishi walimleta Frances Neagley, askari mwenzake wa zamani, ambaye katika Killing Floor hayumo kabisa. Nawaelewa. Lakini dawa hiyo ina gharama yake, na msimu wa pili, uliotoka Desemba 2023, ndio uliolipa. Umetokana na Bad Luck and Trouble, riwaya ya kikosi cha zamani cha Reacher kinachowindwa mmoja baada ya mwingine. Hadithi imehamishwa kutoka Los Angeles hadi New York, na kikosi kinaongea, kinataniana, kinapiga watu. Mwenyeji hayupo. Hakuna mji unaosubiri kupona wala mtu atakayeamka kesho yake na kufagia vioo. Vurugu ileile niliyoikubali Margrave ilinichosha hapa, na sababu naiona hapo: hakuna aliyekuwa akiitazama kutoka chini.

Msimu wa tatu, Februari 2025, unaitengeneza kasoro hiyo kwa njia nisiyoitegemea. Umetokana na Persuader, riwaya nyingine ya nafsi ya kwanza. Mwanzoni Reacher anamwokoa kijana Richard Beck dhidi ya watekaji, na katika vurugu hizo anampiga risasi askari polisi. Yote ni maigizo yaliyopangwa ili aingie nyumbani kwa baba wa kijana huyo. Kitabuni, hila hiyo inamtaka msimulizi anifiche jambo huku akiniambia "mimi", na nilipogundua nilihisi rafiki amenizunguka. Kamera haihitaji kuficha kitu. Inaonyesha nje tu, kama kawaida yake. Kwa hiyo tunadanganywa pamoja na Richard, kijana aliyekatwa sikio katika utekaji wa awali, ambaye sasa anamwamini mgeni aliyeingia kwao kwa uongo. Kila tonge linaloliwa katika nyumba ile lina deni. Msimu huu umemleta pia Paulie, mlinzi anayeigizwa na Olivier Richters, mrefu kuliko Reacher, na wengi walizungumzia pambano lao. Mimi nilikuwa nikimtazama Richard.

Nirudi Margrave, maana jembe liko kule. Mji ule unapendeza kupita kiasi: barabara safi, maduka yaliyopakwa rangi, wateja wachache. Sababu ni pesa. Kitabuni wenye maduka hulipwa kila wiki na taasisi ya familia ya Kliner, na nyuma ya taasisi hiyo kuna noti bandia: noti halisi za dola moja zinasafishwa wino na kuchapwa upya kuwa za dola mia. Joe, kaka yake Reacher, alikuwa akiuchunguza mtandao huo na akauawa. Reacher analipiza kisasi, ghala linaungua, waovu wanakufa. Na kinyozi, ambaye kwa miaka aliendesha kibanda chake bila kuhitaji wateja, anapata wapi kodi ya mwezi ujao?

Nikisoma, swali hilo halikunijia, kwa sababu nilikuwa tayari barabarani na mswaki wangu mfukoni. Nikitazama, lilinijia mara tu Reacher alipotoa kisogo, kwa sababu kamera iliniacha mjini pamoja na Roscoe, askari mzaliwa wa pale, aliyempenda na asiyeondoka naye. Mwaka 2024 Amazon ilitangaza tamthilia ya pekee kwa ajili ya Neagley. Naelewa kwa nini: ana kazi, ana anwani Chicago. Lakini ningewaomba waandishi walewale kitu cha bei nafuu zaidi: kipindi kimoja tu cha Roscoe, miaka miwili baadaye, asubuhi, akipita mbele ya yale maduka na kuhesabu yaliyobaki wazi.