Bron: Kosa la Kuhama Darajani

Nilisema 2015 na leo narudia: kuuanzisha msimu wa tatu wa Bron, tamthilia ya polisi inayozunguka daraja la Øresund kati ya Sweden na Denmark, kwenye eneo la ujenzi mjini Malmö lilikuwa kosa, tena kubwa.

Ikumbukeni ile picha. Helle Anker, mhadhiri kutoka Denmark, amekalishwa mezani na sanamu za kuonyeshea nguo kana kwamba ni familia yake. Uso umepakwa rangi, moyo umenyofolewa. Inatisha, na mpigapicha kaifanya kazi yake. Lakini kisimulizi inatupa maiti tu, na swali la nani kaua lipo katika tamthilia yoyote ya polisi. Maiti ya msimu wa kwanza, 2011, ililazwa darajani, juu ya mpaka wenyewe: nusu ya juu mwanasiasa wa Sweden, nusu ya chini kahaba wa Denmark. Taa za daraja zilizimika, zikawaka, na fumbo lilikwisha kutegwa. Kile mwananadharia wa fasihi Barthes alichokiita msimbo wa fumbo kiliuliza maswali mawili kwa pamoja: nani kaua, na kesi ni ya nani? Kisha ikaja ambulensi ikitaka kuvuka. Martin, mpelelezi wa Denmark, akairuhusu ipite; Saga, mwenzake wa Sweden, akakataa, halafu akamripoti. Ploti, wahusika na mgogoro vyote vikazaliwa papo hapo. Huku Malmö ilibidi polisi watueleze kwa maneno kwamba marehemu ni raia wa Denmark, ndipo tuelewe Wadenmark wamefuata nini.

Na utangulizi wa msimu wa tatu haukuguswa! Bado usiku, taa, daraja, na wimbo wa Hollow Talk ukilia. Mwananadharia Genette alifundisha mwaka 1987 kwamba parateksti, yaani yale yanayoizunguka kazi kama utangulizi huu, ni kizingiti: humwelekeza mtu namna ya kuingia katika kazi. Kizingiti hiki kilituahidi daraja sehemu zote kumi. Msimulizi aliyeita “Paukwa!” akajibiwa “Pakawa!” ana deni kwa waliomwitikia. (Ndiyo maana sikukipenda kamwe kile kitufe cha kuruka utangulizi walichokileta Netflix mwaka 2017.)

Kuondoka kwa Kim Bodnia, aliyemwigiza Martin, si udhuru. Pengo la Martin ndilo hasa lililodai daraja, tumwone Saga akisimama pale pale bila yeye.

Thure Lindhardt, mwenzi mpya wa Saga, alikuwa mzuri. Sofia Helin, Saga mwenyewe, hakukosea hata mara moja. Kosa ni la mwanzo tu, maana misimu mingine haikuliacha daraja. Msimu wa pili, meli ililigonga: safi. Wa nne, 2018, ulirudi chini ya daraja lile lile.

Basi hata wa tatu ungeweza: meza ya Anker ingewekwa Peberholm, kisiwa cha kutengenezwa ambako daraja linaishia na handaki linaanza. Ni ardhi ya Denmark, haingiliki bila kibali, na Saga angelazimika kuvuka bahari na kuomba ruhusa ya Copenhagen kabla hajaugusa mwili.