Kicheko Kilichopimwa: Ufundi wa I Love Lucy na Watoto Walioitazama

I Love Lucy ni kipindi cha vichekesho kilichorushwa na shirika la televisheni la CBS nchini Marekani, tangu tarehe 15 Oktoba 1951 hadi tarehe 6 Mei 1957, kila Jumatatu saa tatu usiku. Kina sehemu 180 za nusu saa, zilizopigwa kwa filamu nyeusi na nyeupe. Wahusika wakuu ni wanne tu. Lucy Ricardo ni mama wa nyumbani wa New York mwenye kiu ya kupanda jukwaani. Ricky, mumewe, ni mwanamuziki kutoka Kuba anayeongoza bendi katika klabu ya Tropicana. Fred na Ethel Mertz ni wenye nyumba wao na marafiki wa kufa na kuzikana. Visa vingi vina mbegu moja: Lucy anataka kitu alichokatazwa, anabuni hila, anamkokota Ethel, na hila inamgeukia mwenyewe.

Kipindi kiliandikwa kwa ajili ya watu wazima waliokwisha kula chakula cha jioni, lakini kiliingia pia katika maisha ya watoto na kikakaa humo. Kuanzia 1959 hadi 1967 CBS ilikirudia asubuhi za siku za kazi, kisha vituo vya mijini vikaendelea kukirudia miaka nenda miaka rudi. Mtoto wa Marekani wa miaka ya 1960 au 1970 alikutana na Lucy akiwa amelala kwenye kochi kwa sababu ya homa, au akiwa ametoka shule sasa hivi, viatu bado viko miguuni. Mengi ya hadithi yalimpita: kodi ya nyumba, mikataba ya bendi, ugomvi wa mke na mume juu ya bei ya kofia. Kilichomganda ni picha. Mashavu yaliyofura kwa chokoleti. Pua ya bandia inayoshika moto mbele ya mwigizaji William Holden. Miguu mitupu ikikanyaga zabibu ndani ya pipa huko Italia. Mtu mzima anayekikumbuka kipindi hiki tangu utotoni hukumbuka kwanza uso na mwili wa Lucy. Maneno humjia baadaye, kama yakija. Na kila picha kati ya hizo ilipangwa, ikapimwa na kufanyiwa mazoezi na watu walioichukulia kazi ya kuchekesha kwa uzito wote unaostahili.

Lucille Ball, aliyemwigiza Lucy, alizaliwa Jamestown, jimbo la New York, mwaka 1911. Alikaa Hollywood miaka mingi akipewa nafasi za kati na kati, huku studio zikiitazama sura yake zaidi kuliko kipaji chake. Alipokuwa katika studio ya MGM miaka ya 1940 alipata mwalimu wa aina yake: Buster Keaton, bingwa wa filamu bubu, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa huko kubuni vichekesho. Keaton aliona mapema kwamba mwanamke huyu angeweza kuchekesha kwa mwili, akamwelekeza namna ya kuvitumia vifaa vya mchezo. Kati ya 1948 na 1951 Ball aliigiza katika kichekesho cha redio, My Favorite Husband, na humo akakutana na watu watatu ambao bila wao I Love Lucy isingekuwapo: mtayarishaji Jess Oppenheimer na waandishi Madelyn Pugh na Bob Carroll Jr.

CBS ilipotaka kuuhamishia mchezo huo kwenye televisheni, Ball alishikilia kwamba mume wa kwenye skrini awe Desi Arnaz, mume wake wa kweli tangu 1940, mzaliwa wa Santiago de Cuba. Wakubwa wa shirika walisita. Walidhani watazamaji hawatamkubali Mkuba mwenye lafudhi nzito kuwa mume wa mwanamke Mmarekani. Wenzi hao hawakubishana kwa maneno. Mwaka 1950 walianza kuzunguka mijini na onyesho la jukwaani, wakiwa wamenolewa na Pepito, mchekeshaji maarufu kutoka Hispania, aliyewapa mchezo mzima wa sello ya vituko. Watu walifurika na kucheka, na hoja ya wakubwa ikaishia hapo.

Uamuzi uliofuata ndio uliowafikishia watoto wa baadaye kipindi hiki kikiwa kizima. Wakati huo vipindi vingi vya televisheni vilitoka moja kwa moja New York. Miji ya mbali ilipelekewa nakala iliyopatikana kwa kuielekeza kamera ya filamu kwenye skrini ya televisheni, na picha yake ilikuwa ya ukungu, kingo zimefifia. Ball na Arnaz hawakutaka kuhama Hollywood, na mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, hakutaka wateja wa miji mikubwa ya mashariki waone ukungu. Arnaz akapendekeza kipindi kipigwe kwa filamu halisi ya milimita 35, kama sinema. Gharama ilipanda, wao wenyewe wakakubali kupunguziwa malipo, na kwa kubadilishana kampuni yao, Desilu, ikabaki na umiliki wa filamu zote. Mwaka 1951 watu wachache sana waliona thamani ya kipindi kilichokwisha kurushwa. Ni kwa sababu ya filamu hizo kwamba mtoto aliyezaliwa miaka ishirini baadaye aliona kila unywele wa Lucy ukiwa umesimama wima kwa hofu, wazi kabisa.

Hata hivyo, kulikuwa na tatizo ambalo sinema haikuwa nalo. Ball alihitaji watu wa kumcheka papo hapo. Mbele ya kamera peke yake alipoa. Ilibidi kipindi kipigwe kama sinema na kichezwe kama tamthilia ya jukwaani, mbele ya watazamaji wapatao 300 walioketi kwenye ngazi za studio. Kazi ya kuunganisha mambo haya mawili alipewa Karl Freund, mpiga picha wa Metropolis na Dracula, mshindi wa tuzo ya Oscar kwa filamu The Good Earth. Kamera tatu zilitembea kwa magurudumu kwa wakati mmoja, moja ikichukua jukwaa zima, nyingine zikisogelea nyuso. Katika sinema ya kawaida taa hupangwa upya kila kamera inapohama. Hapa hapakuwa na nafasi hiyo, kwa hiyo Freund alizitundika taa nyingi juu ya seti na kuusawazisha mwanga, ili mwigizaji asimame popote na asipotee kivulini. Kuta na samani zilipakwa rangi za kijivu za viwango mbalimbali, kwa sababu kamera haikujua nyekundu wala kijani, ilijua mwanga na giza tu. Nywele za Ball zilikuwa nyekundu kwa hina, na utani juu ya wekundu huo ulijaa katika kipindi. Watoto waliucheka utani huo bila kuuona wekundu wenyewe hata mara moja, na hawakuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Mbinu ya kamera tatu ilikuwa imekwisha kujaribiwa kabla ya hapo. Desilu ndiyo iliyoifanya iwe utaratibu wa kuaminika wa kila wiki.

Watu wengi waliamini kwamba Ball alibuni vituko vyake papo kwa papo. Hilo ni kosa kubwa, na linawanyima haki waandishi. Miswada ya Pugh na Carroll ilieleza vitendo hatua kwa hatua, kwa herufi kubwa ili visichanganyike na mazungumzo. Pugh alivijaribu vituko vingi kwa mwili wake mwenyewe, kwa hoja rahisi kwamba kisichowezekana kwa mwandishi huenda kisiwezekane kwa mwigizaji. Hata sura za uso zilikuwa na majina ya kazi. Palipoandikwa “buibui”, Ball alijua ni ile ya mdomo kuvutwa pembeni kwa sauti ya kujikunyata, sauti ambayo kila mtoto aliyekitazama kipindi hiki alijaribu kuiiga. Mswada ulisomwa mwanzoni mwa wiki, mazoezi yakafuata siku hadi siku, na katika msimu wa kwanza filamu ilipigwa Ijumaa saa mbili usiku. Ball hakuchoka kurudia. Kifaa kigeni kilipoletwa alikishika, akakigeuza na kukizoea mpaka mikono ikaacha kukifikiria.

Sehemu iitwayo “Job Switching”, iliyorushwa tarehe 15 Septemba 1952, inaonyesha ufundi huo kwa ukaribu. Waume na wake wamebadilishana kazi, na Lucy na Ethel wameajiriwa katika kiwanda cha chokoleti. Msimamizi, aliyeigizwa na Elvia Allman, anatoa sharti moja: chokoleti ikipita kwenye mkanda wa mashine bila kufungwa karatasi, wote wawili wamefukuzwa kazi. Mkanda unaanza polepole. Wanafunga, wanatazamana, wanaona kazi ni rahisi. Kisha mwendo unaongezeka kidogo, halafu zaidi. Lucy anaziondoa chache na kuzila. Ethel naye. Midomo ikijaa, chokoleti zinaingia kwenye kofia na kifuani ndani ya sare. Msimamizi anarudi, anaona mkanda mtupu, anaridhika, na kwa sauti ya kuvunja moyo anaamuru mashine iongezwe kasi.

Hapo hakuna lililoachwa hivi hivi. Sharti limetolewa mwanzoni, kwa maneno machache, ili hata mtoto wa miaka mitano ajue kosa ni lipi. Kofia na sare zimeonekana tangu wanapoingia, kwa hiyo zinapogeuka maficho hazishangazi bali zinakamilisha jambo. Mwendo unaongezeka kwa vipimo, kila kipimo kikiacha muda wa mtazamaji kucheka kabla ya kingine. Tena wanawake hawa karibu hawasemi, midomo imejaa. Keaton angelitambua somo lake. Upande wa pili wa kisa hicho, Ricky anapika wali bila kujua kwamba mchele huongezeka, na jikoni kunafurika wali hadi sakafuni. Mtu yeyote aliyewahi kuinjika sufuria anaujua msiba huo kabla haujatokea, na raha yote ni kuungoja.

Sehemu ya Vitameatavegamin, ya Mei 1952, inafuata njia tofauti. Lucy anatangaza dawa ya nguvu yenye kileo cha asilimia 23, na kila zoezi la tangazo linamtaka anywe kijiko. Mara ya kwanza anayasema maneno yote sawasawa, na uso unapigana na ladha mbaya. Watazamaji wanajifunza tangazo pamoja naye. Ulevi unapoingia, wao wanayajua maneno kuliko yeye, na kila silabi inayoteleza wanaisikia. Kurudia, ambako mwandishi mvivu angekuogopa, ndiko kunakobeba kichekesho chote.

Ball hangesimama bila wenzake. Arnaz alikuwa na sikio la mwanamuziki, alijua sekunde ngapi za kungoja kabla ya kulipuka kwa Kihispania. Vivian Vance, aliyeshinda tuzo ya Emmy kwa nafasi ya Ethel, alikuwa na kipaji adimu cha kumsikiliza mwenzake: jicho lake likianza kuogopa hila ya Lucy, mtazamaji naye anaanza kuiogopa. William Frawley, Fred mwenye mkono wa birika, aliitoa mistari yake bila kujisumbua na ikafika. Vicheko vinavyosikika ni vya watu waliokuwamo studioni. Mama yake Ball, DeDe, alihudhuria, na sauti yake ya kushtuka inasikika katika sehemu kadhaa, akimwonea binti yake wasiwasi kana kwamba mambo ni ya kweli.

Ball alipopata ujauzito mwaka 1952, waandishi waliuingiza katika hadithi, jambo la ujasiri kwa televisheni ya siku zile. CBS ilikataza neno lenyewe la ujauzito lisitamkwe, na padri, mchungaji na rabi waliipitia miswada. Tarehe 19 Januari 1953 Lucy Ricardo alijifungua kwenye skrini, na siku hiyo hiyo Ball alijifungua mwanawe. Inakadiriwa watu milioni 44 walitazama, wengi kuliko waliotazama Rais Eisenhower akiapishwa kesho yake. Ili Ball apumzike, Oppenheimer alirudisha hewani sehemu za zamani. Watu walizitazama tena kwa furaha, na televisheni ikagundua faida ya marudio.

Anayekirudia kipindi hiki akiwa mtu mzima huona pia yale ambayo mtoto hakuyapima. Ricky humtawala mkewe kama mzazi, na katika visa kadhaa humlaza magotini na kumchapa, jambo lililofanywa mzaha mwepesi. Huo ni mtazamo wa Marekani ya wakati huo na hauna haja ya kutetewa. Lakini ni Lucy ambaye kila wiki hukataa kukaa jikoni, na moyo wa watazamaji uko upande wake.

Utaratibu wa Desilu ulienea haraka. The Dick Van Dyke Show, nacho cheusi na cheupe, kilipigwa katika studio ya Desilu kuanzia 1961 hadi 1966 kwa kamera kadhaa mbele ya watu. Cheers kiliufuata mtindo huo miaka ya 1980, na Friends miaka ya 1990. Katika Friends waandishi walisimama pembeni ya seti usiku wa kurekodi, na mstari usipochekesha waliuandika upya palepale, wakaujaribu tena mbele ya watu wale wale.