Sauti Isiyo na Uso

Balagha ni ufundi wa kushawishi kwa maneno, na tangu zama za Aristotle wataalamu wameutaja kuwa na nguzo tatu: hadhi ya msemaji, hisia za msikilizaji, na hoja yenyewe. Walimu wengi hufundisha nguzo hizi kwa kutumia hotuba za wanasiasa. Mimi naona sinema ya kuchekesha ni darasa bora zaidi, kwa kuwa anayesikiliza hotuba huwa amejihami, lakini anayecheka ameacha mlango wazi.

Chukua mfano wa The Gods Must Be Crazy, sinema iliyotolewa mwaka 1980 na Jamie Uys wa Afrika Kusini. Wengi wetu tumeiona, na wengi tumeicheka. Rubani anatupa chupa ya Coca-Cola kutoka angani. Inaangukia Kalahari na kuokotwa na jamaa za Xi. Mwanzoni chupa ni neema: inatwanga, inalainisha ngozi, inatoa muziki ikipulizwa. Lakini chupa ni moja na wanaoitaka ni wengi. Wivu unaingia, ugomvi unazuka, na Xi anafunga safari kwenda kuitupa mwisho wa dunia.

Hadithi imesukwa vizuri, hilo halina ubishi. Mahali palipotulia panaingia kitu kigeni, kitu kinavuruga, shujaa anakwenda kukiondoa. Ngano nyingi za bibi zetu zina mifupa hiyo hiyo. Njiani Xi anakutana na mtafiti mwenye haya anayejikwaa kila akimwona mwanamke, mwalimu wa kike aliyeikimbia ofisi ya mjini, na waasi wanaowateka watoto wa shule. Gari lisilo na breki nalo linatuvunja mbavu.

Hata hivyo, aliye na kazi kubwa zaidi katika sinema hii hatumwoni hata mara moja. Ni msimulizi, na sauti ni ya mtangazaji wa redio Paddy O'Byrne. Anaanza kwa utulivu, kama anayeeleza maisha ya wanyama wa porini: hapa kuna watu walioridhika, wasiojua uhalifu, polisi, hakimu wala mkubwa wa kazi. Kisha anatupeleka mjini, kwa watu waliogeuka watumwa wa saa. Huo ni ulinganuzi, mbinu kongwe ya balagha. Hadhi ya msemaji imejengwa na sauti peke yake: ni sauti ya mwalimu, na nani amezoea kubishana na mwalimu?

Sauti hiyo inafanya jambo la pili. Mwigizaji wa Xi, N!xau, alikuwa mtu wa jamii ya Wasan wa Namibia, na anazungumza kwa lugha yake yenye vidoko. Lakini mara nyingi hatutafsiriwi maneno yake; tunaelezwa na msimulizi kile anachowaza. Mtu yupo mbele yetu, kinywa chake kinafanya kazi, na bado anasemewa.

Watetezi wa sinema hii husema kwamba inawasifu Wasan na kuwacheka watu wa mjini. Ni kweli, na hatari imejificha humo humo. Asiyehitaji chochote hahitaji ardhi, ujira wala kura. Wakati sinema ilipokuwa ikitengenezwa, Namibia ilikuwa chini ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Wasan wengi walikuwa wamepoteza ardhi yao, na jeshi la watawala lilikuwa likiwaandikisha wanaume wao kupigana na SWAPO. Mwaka huo huo wa 1980, John Marshall alitoa filamu yake juu ya mwanamke aitwaye N!ai. Humo tunawaona Wasan wa Tsumkwe wakilalamikia maisha ya kambini na kugombania posho; na tunawaona watengenezaji wa sinema ya Uys wakipiga picha zao papo hapo. Kamera mbili zilikuwa mahali pamoja. Moja ilimwacha N!ai aseme, nyingine ilisema kwa niaba ya watu.

Nalinganisha na watafsiri wa mabanda yetu ya video, wanaosimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili huku zikiendelea. Wanatia chumvi, wanabadili majina, wanaingiza mitaa ya Dar es Salaam katikati ya Hong Kong. Lakini hakuna anayedanganyika: kila mtazamaji anajua kuna mtu anayesema, naye humjibu, humcheka na hata humzomea. Msimulizi wa Kalahari hana jina wala uso, hivyo hajibiwi.

Sishauri tuwakataze vijana sinema hii. Waione na wacheke, kwa kuwa inachekesha. Baadaye wairudie na kuulizana maswali matatu: Nani anasema? Nani anasemewa? Na kitu gani kimeachwa nje ya picha ili hadithi ipendeze? N!xau alifariki mwaka 2003, baada ya sura yake kuzunguka dunia nzima. Mamilioni walimjua kwa tabasamu lake. Ni wachache mno waliopata kujua alikuwa akisema nini.