Epicor Ilivyoachia Daftari la Serikali

Samunge ni kijiji cha Wasonjo wilayani Ngorongoro ambacho mwaka 2011 kilifurika magari ya wagonjwa waliofuata kikombe cha dawa cha Babu Mwasapila kwa shilingi 500, na hesabu za zahanati za Halmashauri katika vijiji kama hicho sasa huishia katika mitambo iliyo mbali, ya aina ambayo matajiri wa programu duniani wameigombania kwa miaka mingi.

Zamani mnunuzi wa programu alilipia leseni, akaifunga katika kompyuta zake, na muuzaji akastarehe, kwani kuhama kulikuwa na taabu na gharama. Hata mwaka 1999 Marc Benioff, aliyetoka kampuni ya programu ya Oracle, alipoanzisha Salesforce na kuikodisha programu kupitia intaneti, wakubwa wengi walimbeza, ilhali mwaka 2016 Oracle iyo hiyo iliinunua NetSuite, kampuni ya biashara ya namna hiyo, kwa dola bilioni 9.3.

Kwetu Tanzania, Hazina ilianza na programu ya Platinum, kampuni ya Marekani iliyojigeuza jina kuwa Epicor mwaka 1999, na halmashauri zikafuata. Kisha, katika muongo wa 2010, mitambo yao ikakusanywa kwenye seva za pamoja Dodoma. Kwa rai yangu hapo ndipo Epicor ilipovunja ngome yake kwa mkono wake, kwa kuwa aliyetapakaa katika halmashauri zaidi ya mia hang'oki kwa urahisi, bali aliyekaa mahali pamoja huondolewa mahali pamoja. Wataalamu wa Wizara ya Fedha walipounda MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini, hawakulazimika kupiga hodi Ngorongoro na kila wilaya kufuta programu ya zamani.

Faida ya kuikusanya mifumo mahali pamoja haina shaka. Kabla ya Septemba 2017, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alipozindua PlanRep ya mtandaoni, mfumo wa mipango na bajeti, pamoja na FFARS, daftari la hesabu la zahanati na shule, PlanRep ilikaa ndani ya kompyuta za halmashauri, na maofisa mipango walisafiri na makadirio yao hadi Dodoma, nao wa Ngorongoro walikuwa na barabara ndefu ya vumbi kabla hata ya kuifikia lami. Leo kasma ikikosewa husahihishwa papo hapo, na mkaguzi huiona hati ya malipo bila kupanda gari.

Lakini Serikali iliyomwondoa mpangishaji imekuwa mpangishaji yenyewe. Mteja wa Salesforce akichukizwa huhamia kwingine, ingawa kwa hasara. Halmashauri ya Ngorongoro haina hiari hiyo mbele ya MUSE, na palipokosekana mshindani, malalamiko ya mtumiaji ndiyo pekee yawezayo kumsukuma mtengenezaji. Basi na wasikilizwe wahasibu wa vijijini kwanza: mfumo umruhusu mtu kuandika hati yake mtandao ukiwa umekatika, nao uipeleke wenyewe mtandao urudipo.