Mafuta ya Taa na Chaki

Kabla ya kushika kitu kingine chochote, fundi aliigonga foki ya baiskeli yangu kwa spana ndogo, akatega sikio. Chuma kizima hulia, na mlio wake hukawia hewani kama wa kengele ya shule iliyo mbali. Chenye ufa hujibu kwa sauti ya gae, kisha kikanyamaza. Foki ile ililia vizuri, lakini fundi hakuridhika. Akaigonga tena chini zaidi, karibu na ekseli, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, halafu akaniambia bila kuniangalia, "Mzee, hii inaficha kitu."

Karakana yake iko Bwera, hatua chache kutoka barabara iendayo Mpondwe, kule malori yanakojipanga kungoja kuvuka mto Lhubiriha na kuingia Kasindi, upande wa Kongo. Nasema karakana kwa heshima tu: ni mabati manne juu ya nguzo za mkalitusi, mashine ya kuchomelea ambayo umeme ukikatika hugeuka kiti, na fuawe ambayo ni kipande cha reli chenye urefu wa mkono. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ukasimama. Baadaye garimoshi nalo likaacha kuja, nyasi zikaota katikati ya mataruma. Kipande kile kilifikaje Bwera, sikuuliza, naye hakusema.

Katika Kiswahili cha soko la mpakani, ambacho upande huu kimechanganyika na Kikonzo na upande ule na Kifaransa, kazi yake huitwa kutia nguvu, basi. Mtu hununua baiskeli mpya, nyeusi, ya Kihindi au ya Kichina, mabomba yangali yamevikwa karatasi, na kabla hajaipanda hata mara moja huisukuma hadi kwa fundi ikatiwe nguvu. Mgeni hushangaa kuona kitu kipya kikipelekwa kutengenezwa. Lakini huko kiwandani walifikiria mtu mmoja aketiye juu ya kiti. Huku mtu mwenyewe atatembea kando. Kitakachopanda ni jerikani sita za maji za lita 20, yaani kilo 120 kabla hujahesabu nondo za keria, au ni mikungu ya matoke, au mkaa, au kahawa inayoteremka kutoka milimani. Abiria walihamia kwenye pikipiki zamani. Jina la bodaboda lilizaliwa juu ya baiskeli, kule Busia kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, ila leo ukilitaja hakuna anayewaza pedali. Baiskeli imeachiwa mizigo, na mizigo haina adabu kama abiria.

Sasa, mzigo wote uko nyuma. Kwa nini basi foki, iliyo mbele, ndiyo inayovunjika?

Jibu liko kwenye mteremko. Baiskeli ikishuka kilima, nayo inazuiwa kwa breki au, mara nyingi zaidi, kwa soli ya kandambili iliyobanwa kwenye tairi, uzito unahama na kuegemea mbele. Gurudumu la mbele likiingia shimoni husita, ilhali kilo 120 zilizo nyuma hazijapata habari hiyo. Ekseli husukumwa nyuma, foki inakuwa wenzo, na nguvu yote hukutana mahali pamoja: begani, pale miguu miwili inapoungana na shingo. Mkulima yeyote wa Kisinga au Kinyamaseke analijua jambo hili bila hesabu. Mpini wa jembe hauvunjiki katikati. Huvunjika pale unapoingia kwenye chuma.

Mimi nami nililijua kwa mdomo wangu. Nilikuwa na miaka 17, nateremka kutoka Kyarumba na gunia la kahawa. Mwezi mmoja kabla ya hapo foki ilikuwa imepinda kidogo, na fundi mmoja, ambaye simtaji, akainyoosha kwa kuikanyaga kati ya mawe mawili, akanitoza bei ya soda. Ilidumu wiki tatu. Safari hii haikupinda. Ilikatika begani kama muwa, bila onyo, na meno yangu mawili ya mbele mnayoyaona leo si yale niliyozaliwa nayo.

Miaka mingi niliamini kwamba foki ile ilikuwa dhaifu. Fundi wa Bwera ndiye aliyenisahihisha. Foki ile, alisema, ilipopinda mara ya kwanza ilifanya kazi yake: ilimeza pigo na ikatoa habari. Aliyeinyoosha ndiye aliyeiua. Chuma laini kikipinda na kurudishwa kikiwa baridi, huwa kigumu zaidi pale kilipopindia, na ugumu huo ni wa uwongo, maana kimepoteza uwezo wa kupinda tena. Chukua waya, upinde na kuunyoosha mara chache kwa vidole. Utahisi unakuwa mbishi, kisha unakatika mkononi. Kwa hiyo yeye hanyooshi foki iliyopinda vibaya, hata mteja akilia. Huikata vipande viwili mbele ya mwenyewe ili isije ikarudi sokoni kwa jina jingine. Nimemwona akifanya hivyo, na nimewasikia wateja wakimtukana. Anawaacha wamalize.

Jinsi anavyotia nguvu ndiyo inayonivutia zaidi. Ungedhani ataongeza chuma pale palipo na udhaifu: achomelee bamba begani, anenepeshe mambo. Mafundi wengi wa barabarani hufanya hivyo, na foki zao huvunjika palepale, milimita chache kando ya mchomo. Bomba la foki ni jembamba. Moto wa umeme hulichoma, na chuma kilichokuwa laini kinatoka hapo na ukanda mgumu pembeni mwa mshono. Wazee waliotengeneza baiskeli za kwanza waliunga bega kwa shaba nyeupe iliyoyeyushwa, kwa moto mdogo kuliko unaoyeyusha chuma, kwa sababu hiyohiyo. Fundi wangu hagusi bega kabisa. Huchukua nondo mbili za milimita 8, akazipasha moto kwenye ncha hadi ziwe nyekundu kama pilipili, akazibapa juu ya reli, akatoboa tundu linaloingia ekseli. Ncha za juu huzikaza kwa klampu kwenye shingo ya usukani, juu ya fremu, ili zigeuke pamoja na foki. Zinapita mbele ya miguu ya foki, zimetanuka kidogo, na ukitazama ubavuni unaona pembetatu ndefu nyembamba.

Hapo ndipo akili ya kazi ilipo. Nondo ya milimita 8 ukiipinda gotini inakubali mara moja. Lakini ukiivuta wima, kutoka mwisho hadi mwisho, chuma hicho chepesi kisicho na sifa hustahimili uzito wa zaidi ya tani moja kabla hakijaanza kulegea. Shimo linapoisukuma ekseli nyuma, nondo zilizo mbele hazipindwi, zinavutwa. Fundi ameigeuza nguvu iliyokuwa ikipinda ikawa nguvu inayovuta, na kwa kuvutwa nondo haina mpinzani. Wajenzi wa madaraja ya chuma waliishi kwa siri hii, na mwanzoni mwa karne ya 20 baiskeli kadhaa za Marekani ziliuzwa zikiwa na fito za namna hii mbele ya foki. Yeye hajaziona. Alifika alikofika kwa kuangalia vilivyovunjika.

Nisiseme kila mzigo Afrika ya kati umetengenezewa chuma. Kule Goma na sehemu nyingine za Kivu Kaskazini kuna chukudu, mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaoendeshwa kwa goti moja, ambao hubeba mamia ya kilo na ambao mji umeujengea sanamu. Kichwa chake ni gogo. Hakuna hesabu ya pembetatu hapo. Ni unene tu, na unene nao ni jibu, kama una miti.

Siku moja nilikwenda Bwera na mtoto wa kaka yangu, kijana wa Kasese mjini asiyeachana na simu. Alimwonyesha fundi video ya Danny MacAskill, yule Mskoti aliyejulikana duniani mwaka 2009 kwa kuruka na baiskeli mitaani Edinburgh, akipita hata juu ya ua wa vyuma vilivyochongoka. Kisha akamwonyesha picha za mchezo uitwao traiali, ambao mashindano yake ya dunia yamekuwapo tangu 1986: mtu anaruka kutoka jiwe hadi jiwe bila kugusa chini kwa mguu, juu ya baiskeli isiyo na kiti kabisa.

"Keria iko wapi?" fundi aliuliza.

Akachukua simu, akaikaribisha machoni, akaitazama foki peke yake kwa muda mrefu kuliko mpandaji. Miguu ya foki ile ilikuwa minene na iliyonyooka, haina ule mkunjo wa mbele ambao foki zetu nyembamba hutumia kumeza mitikisiko. Kijana akaeleza kwa fahari: ni aloi ya alumini, nyepesi, ngumu, imepanuliwa. Katika kupanua huko kuna ujanja wa kweli, na fundi aliuona bila kuambiwa. Bomba likipanuliwa mara mbili, ukuta wake ukibaki na unene uleule, nguvu yake dhidi ya kupinda huongezeka mara nne na ukaidi wake mara nane, ilhali uzito umeongezeka mara mbili tu. Mguu wa kushoto, wenye breki ya diski, una shida ya ziada: mpandaji anapofunga breki na kusimama kwa gurudumu la mbele, breki inaushika mguu huo na kutaka kuusokota, na mwenzake wa kulia hana habari.

"Inapinda?"

"Haipindi, baba," kijana alijibu.

"Basi inakatika."

Kijana alicheka, lakini fundi hakuwa anatania, na kusema kweli hakukosea. Chuma cha kawaida kikipigwa chini ya kiwango fulani kinaweza kupigwa hivyo miaka na miaka bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho. Kila pigo, hata dogo, linaandikwa mahali, na siku moja daftari linajaa. Viwango vya kimataifa vya baiskeli hutaka foki ya sampuli ipindwe na mashine mbele na nyuma mara 100,000 kabla ya kuuzwa. Ni hesabu inayotisha hadi ukumbuke barabara zetu za vumbi: kishimo kimoja kila mita, na kilomita 100 zimeimaliza, ingawa si kila kishimo kina nguvu ya mashine ile.

Wala simlaumu Mskoti wala waliomtengenezea. Anayeruka kutoka ukuta hadi ukuta anataka gurudumu litue alipolielekeza, si sentimita mbili kando, na foki inayoyumba ingemuua upesi kuliko ile inayochoka polepole. Ana nyingine ya akiba pia. Mwenye jerikani sita ana foki moja, na bei ya mpya ni karo ya mtoto. Kwake foki bora ni ile itakayopinda kwanza, ikaonekana, ikamrudisha nyumbani akiisukuma na kulaani. Pembetatu ya nondo inampa hilo: bega likianza kuchoka, nondo huanza kubeba sehemu yake, klampu inalegea, na usukani unatoa mlio wa kukwaruza ambao hata mtu asiye fundi atausikia.

Hivyo ndivyo alivyoanza kunieleza, siku ile ya spana, kwa nini foki yangu, iliyolia vizuri, bado ilikuwa inaficha kitu. Spana haisikii ufa ulio mchanga. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akalifunga bega zima, akaniambia nikanywe chai. Niliporudi alikuwa amelifuta hadi likakauka, akisugua kama mtu anayesafisha sahani ya harusi. Kisha akasaga chaki ya shule juu ya kipande cha bati, akalipaka bega unga wote. Bega likawa jeupe. Tukangoja. Mafuta yanaingia penye ufa ambao jicho halioni, kitambaa hakiwezi kuyafikia, na chaki ina kiu: itayanyonya hadi yachore mstari. Tulingoja kwa muda wa kumaliza habari za bei ya kahawa Kasindi na mvua za Rwenzori. Hakuna mstari. Akaifuta chaki, akapaka chini zaidi, kwenye mguu wa kulia, pale kishikio cha fito za breki kinapobana. Hapo ukatokea, mfupi kama kope, rangi ya chai hafifu.

Aliikata bila kuniuliza.

Nyumbani Kasese nina baiskeli ya pili, ya mke wangu, ambayo haijawahi kubeba zaidi ya mboga kutoka sokoni. Jioni ile, kwa mchezo tu, nilimwomba binti yangu chaki, nikachukua mafuta ya taa jikoni. Asubuhi yake niliingia kwenye taksi ya Bwera na foki nimeipakata mapajani, bado nyeupe, na kondakta akanitoza nauli ya mzigo.